Maswali yenu: hizi jeni mbili ziko karibu kiasi gani?

Mwezi huu barua nyingi zimegusa kitu kimoja. Watu wanafungua zile picha za mitandao ya jeni na protini, wanakuta vidoti na nyuzi zimesokotana kama wavu uliotupwa ufukweni, halafu wanauliza sasa nani yuko karibu na nani na huo ukaribu wenyewe unapimwaje. Nimechagua sita. Sijazijibu kwa urefu sawa maana hazina uzito sawa, ile ya Arusha imekula sehemu kubwa ya ukurasa na ilistahili.

SWALI: Shikamoo Dokta. Mi niko mwaka wa pili wa masta, Morogoro, nafanya kazi kuhusu sikoseli. Niliingia STRING, ile hifadhidata ya mtandaoni ya uhusiano wa protini, nikaweka BCL11A na HBG1 nikapata alama ya juu, nikaandika kwenye tasnifu kwamba protini hizi mbili zinashikana kwa nguvu. Supavaiza amenirudishia, ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu "inashikana na nini?" basi, hajaeleza zaidi. Kosa langu liko wapi wakati namba ni kubwa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Supavaiza wako yuko sahihi, na nakuomba usikasirike, hilo kosa nalikuta kila mwaka na wanaolifanya ni wanafunzi wazuri tu, shida ni kwamba hakuna aliyewakalisha chini akawaambia ile namba ni ya kitu gani.

Alama ya STRING haipimi nguvu ya kushikana. Wala haipimi umbali. Inapima uhakika, yani ushahidi uliopo unatupa imani kiasi gani kwamba hizi mbili zinashiriki kazi moja ndani ya seli. Alama ya 0.7 isome hivi: ukikusanya viungo 1,000 (yani zile nyuzi za pichani) vyenye alama kama hiyo, tegemea kama 700 vitakuwa vya kweli na 300 hivi ni hewa. Wenyewe wanaiita 0.4 ya kati, 0.7 ya juu na 0.9 ya juu kabisa, sasa hilo neno "juu" ndo linalowaponza watu, mtu akisoma juu anaona gundi kali.

Ushahidi wenyewe unatoka sehemu nyingi tofauti. Kuna majaribio ya maabara ambako protini zilikutwa zimeshikana kweli, kuna hifadhidata ambazo wataalamu wamejaza kwa mkono, kuna jeni zinazopanda na kushuka pamoja, kuna jeni ambazo kwenye bakteria zinakaa jirani, kuna zinazoonekana pamoja na kupotea pamoja ukipita spishi moja hadi nyingine, na kuna kompyuta kusoma makala za kisayansi ikihesabu majina gani yanatajwa pamoja. Vyote vinapikwa chungu kimoja, mwisho inatoka namba moja.

Sasa njoo kwa BCL11A yako. Hii protini haimshiki HBG1 protini. Inaenda kukaa kwenye DNA, kama herufi 115 kabla ya pale jeni za HBG1 na HBG2, zile zinazotengeneza himoglobini ya kichanga (ya mtoto akiwa tumboni), zinapoanza kusomwa, inatafuta maandishi TGACCA, ikishakaa pale inazima jeni. Ndo maana baada ya kuzaliwa himoglobini ya kichanga inapungua ikabaki kidogo sana. Tangu 2008 ilipoonyeshwa kwamba BCL11A ndo inayoizima, watafiti hawaachi kuyaandika hayo majina mawili kwenye sentensi moja, lazima alama iwe kubwa. Uhusiano upo tena ni mmoja wa ile inayoeleweka vizuri sana, ila kushikana kwa protini na protini hapana. Rudi STRING, kuna sehemu ya kuchagua mtandao wa kushikana kimwili peke yake, ichague uone nini kinabaki.

Kuhusu jinsi wanavyounganisha ushahidi, na hili utaulizwa tu siku ya kujitetea: hawajumlishi. Ukiwa na ushahidi wa 0.6 na mwingine wa 0.5, wanauliza kuna nafasi gani kwamba vyote viwili vimekosea, 0.4 mara 0.5 ni 0.2, kwa hiyo uhakika ni 0.8. Kwa usahihi zaidi wanatoa kwanza 0.041 kwenye kila ushahidi, hiyo ni nafasi kwamba protini mbili zozote zilizookotwa tu zinahusiana, halafu mwisho wanairudisha mara moja, ndo unapata kama 0.79. Sasa angalia hapa, ushahidi tatu za 0.4, kila moja ya wastani tu, zikiungana zinafika kama 0.77 na unaingia kwenye kundi la "juu" bila kuwa na hata jaribio moja zuri la maabara. Kwa hiyo usinakili namba ya mwisho peke yake, fungua uone imejengwa na nini.

Kwenye tasnifu andika kwamba zina uhusiano wa kikazi wenye uhakika wa juu, na kwamba BCL11A inazima jeni ya HBG1 kwa kukaa kwenye DNA yake. Kalamu nyekundu haitarudi.

SWALI: Habari daktari. Mwanangu ana sikoseli, ana miaka 9, tupo Kisumu. Nimesoma kuhusu matibabu mapya ya kukata jeni, wanasema ugonjwa upo kromosomu ya 11 lakini wanakata kwenye kromosomu ya 2. Mbona wanaenda mbali hivyo? Si wangerekebisha palipoharibika?

JIBU: Pole sana mzazi, na pole kwa mtoto, najua zile usiku za maumivu zinavyokuwa ndefu.

Swali lako ni zuri kuliko mengi ninayoletewa na watu wa vyuoni. Kwenye jeni kuna ukaribu wa aina mbili ambao watu wanauchanganya. Wa kwanza ni mahali jeni ilipokaa kwenye kromosomu, kama namba ya nyumba. Wa pili ni nani anafanya kazi na nani. Hivi viwili mara nyingi havifuatani kabisa. Mfano mzuri ni himoglobini yenyewe, ile inayobeba oksijeni kwenye damu: kila moja ina vipande vinne, viwili vya alfa na viwili vya beta. Jeni za alfa zipo kromosomu ya 16, ya beta ipo ya 11. Nyumba zao ziko mbali mbali kabisa, lakini protini zake zikishatengenezwa zinashikana moja kwa moja na hakuna inayoweza kazi bila mwenzake. Kwenye mtandao wa protini hao wako hatua moja tu.

Kwenye sikoseli ile beta ina kosa la herufi moja, tofali la sita la hiyo protini likabadilika, asidi ya glutamiki ikawa valini, basi himoglobini zikikosa oksijeni zinashikana zenyewe kwa zenyewe na kutengeneza nyuzi ndefu ndani ya seli, ndo seli inajikunja kama mundu. Ila mwili wa mwanao bado una jeni nzima kabisa za himoglobini ya kichanga, ile aliyoitumia tumboni mwako, na hizo zimezimwa tu. Anayezima ni BCL11A, na jeni yake iko kromosomu ya 2. Kuna mwingine tena anaitwa KLF1 huko kromosomu ya 19 ambaye ndo anamwamsha BCL11A. Kwa hiyo kimakazi ni mbali, kikazi ni jirani wa mlango kwa mlango. Hayo matibabu, Casgevy, yanaharibu swichi ya BCL11A kwenye seli zinazozaa seli nyekundu, BCL11A inapungua, himoglobini ya kichanga inarudi. Kuharibu swichi ni rahisi kuliko kubadilisha herufi moja ikae sawasawa, ingawa hilo la kurekebisha pale pale nalo linafanyiwa kazi.

Yaliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023, kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Sitaki kukupa matumaini ya uongo, bei yake iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2, na mgonjwa lazima kwanza apewe dawa kali za kusafisha uboho, analazwa wiki nyingi. Ila kuna haidroksiyurea, hiyo ni ya kunywa, ipo kwenye kliniki nyingi za sikoseli, na sehemu kubwa ya faida yake inatokana na kupandisha hiyo hiyo himoglobini ya kichanga. Kama mwanao hajaanza, kawaulize kliniki yenu wiki hii, sio mwezi ujao.

SWALI: Habari za kazi Dokta. Mi ni mtu wa programu, Arusha, baiolojia niliiacha fomu foo. Rafiki yangu wa hospitali kaniomba nimsaidie, nikapakua mtandao wa protini za binadamu nikapiga hesabu ya njia fupi kuliko zote kati ya kila protini na kila protini. Kompyuta imekesha. Majibu karibu yote ni hatua 2, 3 au 4. Nikachukua protini za ugonjwa wake, 3. Nikachukua za kuokota tu, 3. Sasa kuna maana gani?

JIBU: Njia fupi peke yake haina maana kubwa, na umeligundua mwenyewe bila kufundishwa. Watu wengi wanaishia kuandika "ziko hatua 3 tu" kana kwamba wamevumbua kitu.

Tupige hesabu ya haraka tuone kwanini. Kuna mtandao ambao Menche na wenzake waliutumia kwenye jarida la Science 2015 kupima magonjwa 299 yako karibu kiasi gani, ulikuwa na protini 13,460 na viungo 141,296. Kila kiungo kina ncha mbili, kwa hiyo wastani ni kama viungo 21 kwa protini. Hatua ya kwanza unafika majirani 21. Ya pili, kama hawajirudii, 441. Ya tatu 9,261. Ya nne umeshapita idadi ya protini zote. Ndani ya seli kila mtu ni jirani wa jirani wa jirani, kwa hiyo jibu la 3 ndilo la kawaida kabisa.

Tena hao 21 ni wastani tu. Nyingi zina viungo viwili vitatu, chache zina mamia. Ubikwitini kwa mfano, hiyo ni lebo ambayo seli inabandika kwenye protini nyingine, mara nyingi kuziagiza zikavunjwe, na kwenye baadhi ya data imeandikwa kama jirani wa maelfu ya protini. Ukipitia kwake basi kila mtu yuko hatua mbili na kila mtu. Ni kama kusema wewe na mzee mmoja wa Kigoma ni ndugu sababu wote mmeshawahi kushuka stendi ya Dodoma.

Kwa hiyo badala ya kuuliza njia ni fupi kiasi gani, uliza hivi: mtu akianza hapa akatembea hovyo bila ramani, ana nafasi gani ya kufika kule? Mfikirie machinga. Anatoka stoo na mzigo begani, kila njia panda anachagua njia yoyote, zote kwake sawa. Chukua protini A yenye majirani wawili, mmoja ni stendi kubwa yenye viungo 200, mwingine ni protini ya kimya yenye viungo viwili tu, A mwenyewe na C. B yuko upande wa pili wa stendi. Kwa njia fupi B na C wote wako hatua 2 kutoka A, sare. Sasa mwache machinga atembee hatua mbili. Kwenda B: nusu aingie stendi, mara moja kwa 200 atoke kwa B, jumla 0.0025. Kwenda C: nusu, mara nusu, 0.25. C yuko karibu na A mara mia kuliko B, wakati ile kompyuta iliyokesha inakwambia ni sawa sawa! Hapa ndipo moyo wa jambo zima ulipo na ukiuelewa huu mfano hayo mengine yote ni mapambo.

Ila kuna mtego. Ukimwacha machinga atembee muda mrefu sana, mwisho atakuwa anashinda stendi kubwa tu popote alipoanzia, mtandao unasahau alitoka wapi. Dawa yake ni kumrudisha stoo, yani kila hatua kuna nafasi fulani kwamba anakatisha anarudi alikoanzia achukue mzigo mwingine. Sebastian Köhler na wenzake kule Ujerumani walitumia hii 2008 kutafuta jeni za magonjwa, waliweka nafasi ya kurudi 0.75, maana yake machinga wao hakwenda mbali kabisa, alizunguka mtaani kwake tu. Wanaanzia kwenye jeni zinazojulikana za ugonjwa, wanamwachia, halafu wanapanga jeni nyingine kwa jinsi anavyozipitia mara nyingi. Kwa kazi ya rafiki yako mi ningeanza na hii. Kwenye kodi haizidi mistari kumi, ni kuzidisha matriki mara kadhaa mpaka namba zitulie.

Kuna na kipimo cha 2013 kutoka kundi la Lenore Cowen wa chuo cha Tufts, chenyewe kinalinganisha macho ya protini mbili: machinga akitoka A anaionaje dunia nzima, akitoka B anaionaje, kisha unajumlisha tofauti. Protini mbili zinaweza zisiwe na kiungo kati yao kabisa lakini zinauona mtandao vilevile, na mara nyingi hizo zina kazi inayofanana. Nakipenda kwa sababu hakitoi sare nyingi kama njia fupi.

Kama bado unataka njia fupi kwa sababu ni nyepesi kueleza, angalau usihesabu kila kiungo kama hatua moja. Chukua uhakika wa kiungo, piga logi asilia, geuza alama iwe chanya, huo ndo urefu. Kiungo cha 0.9 kinakuwa na urefu kama 0.105, cha 0.4 kama 0.916. Kwa hiyo kupita viungo viwili vya 0.9 ni 0.21, ni fupi kuliko kwenda moja kwa moja kwa kiungo cha 0.4 ambacho nusu na zaidi huenda hakipo.

Sasa lile la pili ambalo pia umeligusa, protini za ugonjwa 3, za kuokota 3. Usiwahi kutoa namba ya ukaribu bila kuilinganisha na ya bahati. Emre Guney na wenzake walifanya hivi 2016 kwa dawa na magonjwa, wanachukua protini ambazo dawa inazigusa, wanaangalia kila moja iko hatua ngapi kutoka protini ya ugonjwa iliyo karibu nayo zaidi, wanachukua wastani. Halafu wanaokota protini nyingine kwa bahati, mara 1,000, lakini zenye idadi ya viungo inayofanana na zile za kweli, hili la idadi ni la lazima, hata ukiruka kingine chochote hili usiliruke, maana ukilinganisha stendi kubwa na protini za kimya stendi itashinda kila siku bila sababu ya ugonjwa. Tuseme za kweli zimetoa wastani wa 1.8, za bahati 2.1, na za bahati zinatawanyika kwa 0.15. Toa, gawanya, unapata -2. Hiyo -2 ndo inayozungumza, ile 1.8 peke yake ni bubu.

La mwisho kwako. Mtandao uliopakua una matundu, na matundu hayakugawanyika kwa haki. TP53, protini inayozuia saratani, inachunguzwa na maabara za saratani dunia nzima kwa miaka mingi, lazima iwe na viungo vingi, protini ambayo hakuna aliyeomba fedha ya kuichunguza itaonekana mpweke. Ndo maana napenda ile kazi iliyotoka jarida la Nature 2020 iitwayo HuRI, walijaribu jeni kama 17,500 moja kwa moja kila mmoja na kila mmoja kwa kuziweka mbili mbili ndani ya seli za hamira, bila kujali nani ni maarufu, wakapata viungo kama 53,000 kati ya protini 8,275. Jaribu hesabu yako kwenye huo pia. Jibu likibaki vilevile kwenye mitandao miwili iliyojengwa kwa njia tofauti, hapo mpigie rafiki yako simu.

Na kuhusu stendi kubwa, usizifute tu kwa hasira. Kwenye hamira, Jeong na Barabási na wenzao walionyesha 2001 kwamba protini zenye viungo vitano au pungufu, ukiondoa moja hamira inakufa kama mara 21 kwa mia, ila zenye zaidi ya viungo 15 inakufa kama mara 62 kwa mia. Stendi zina kazi yake. Unachopunguza ni sauti yake kwenye hesabu ya ukaribu, sio kuitoa mezani.

SWALI: Dokta, nipo maabara moja Mwanza. Tulipima jeni kwenye damu ya watoto 30 wagonjwa, jeni mbili zimetoa uwiano (wa kupanda na kushuka pamoja) wa 0.92. Naweza kusema zinafanya kazi pamoja?

JIBU: Bado. Jiulize kwanza damu hiyo ina nini ndani. Mtoto mwenye maambukizi seli zake nyeupe aina ya nyutrofili zinaongezeka, sasa kila jeni inayosomwa ndani ya nyutrofili itaonekana imepanda, na kwa mtoto mwenye nyutrofili chache zote zitaonekana zimeshuka. Jeni mbili ambazo hazijuani kabisa zitapanda na kushuka pamoja kwa sababu tu zinakaa kwenye seli ya aina moja. Hapo umepima idadi ya seli, hujapima ukaribu wa jeni. Kama mlifanya hesabu kamili ya damu kwa hao watoto, na bila shaka mlifanya, ingiza idadi ya kila aina ya seli kwenye modeli halafu tafuta uwiano wa kinachobaki. Ikibaki hata 0.6 hiyo ina thamani kuliko 0.92 yako ya sasa.

Mkitaka kujenga mtandao mzima, kuna WGCNA, njia ya hesabu ya Steve Horvath na wenzake, yenyewe haikati na kusema juu ya 0.8 ndani na chini nje, inachukua uwiano inaupandisha kipeo, tuseme cha 6. Hiyo 0.92 inakuwa 0.61, wakati 0.5 inabaki kama 0.016, yani wadhaifu wanazama wenyewe bila kukata kwa kisu. Ila watoto 30 ni wachache, kwa ajili ya mtandao mzima ningetafuta wengine.

SWALI: Mi mwalimu wa sekondari Tanga. Je, vimelea vya malaria navyo vina mtandao wa hivi?

JIBU: Vipo mwalimu. Jenomu ya Plasmodium falciparum ilisomwa 2002, ina jeni kama 5,300, na 2005 LaCount na wenzake walitoa viungo 2,846 vya protini zake. Shida ni kwamba protini nyingi za kimelea hazifanani na za viumbe tunaowajua, kwa hiyo huwezi kuazima viungo kutoka kwa hamira au binadamu kirahisi.

Ila kiungo ninachokipenda kuwaonyesha wanafunzi kinavuka kutoka kimelea kwenda kwa mtu. Protini ya kimelea iitwayo RH5 inashika protini yetu iitwayo basigini iliyo juu ya seli nyekundu, iligunduliwa 2011, na bila kushikana huko kimelea hakiingii ndani ya seli. Kiungo kimoja tu hicho, na chanjo inayolenga RH5 imeshajaribiwa kwa watu Bagamoyo, hapo jirani na nyie.

SWALI: Mwalimu, Mungu akubariki. Niko Bujumbura, nina laptop ya RAM 4 na intaneti ya bando. Naanzia wapi?

JIBU: Amina ndugu yangu, na wewe pia. Usipakue dunia nzima. Nenda STRING, weka jeni zako ishirini thelathini, chagua kikomo cha 0.7, pakua kipande hicho peke yake, kitaenda hata kwa simu. Kuchora tumia Cytoscape, ni bure, ila kwenye RAM 4 ukiipa mtandao mzima wa binadamu itaganda, kipande kidogo itakubali. Kuhesabu tumia igraph kwenye R au NetworkX kwenye Python, nazo bure na njia fupi na machinga vyote vimo.

Siku utakayopakua faili zima, la binadamu linaanza na 9606, hiyo ni namba ya spishi yetu. Ndani yake alama hazijaandikwa 0.7, zimezidishwa kwa 1,000, kwa hiyo utakuta 700, nimeshaona mtu akichuja "zaidi ya 0.7" akabaki na faili lile lile lote akashangaa. Majina pia sio ya jeni, ni namba za protini zinazoanza na 9606.ENSP, kwa hiyo pakua na faili la majina.

Na tafadhali usifungue orodha ya jeni kwa Excel kisha ukaihifadhi. SEPT2 inageuzwa kuwa tarehe 2 Septemba, MARCH1 inakuwa tarehe 1 Machi, na kwenye Excel za zamani hutapata ujumbe wowote wa kukuonya. Tatizo lilikuwa kubwa mpaka kamati inayopanga majina ya jeni za binadamu ikabadilisha, 2020 zikawa SEPTIN2 na MARCHF1, lakini data za zamani bado zina majina ya zamani. Fungua kwa R, au ukilazimika kutumia Excel weka safu hiyo kuwa maandishi kabla hujaingiza chochote.